Una Visor ya zamani? Anza na moduli ya bakapu

Wadau wa Moshi, ukibahatika kuokota Handspring Visor, ile kompyuta ndogo ya mkononi, kwenye mitumba pale Memorial usikimbilie kamera wala modemu, tafuta kwanza moduli ya bakapu, yaani kile kipande cha kuchomeka kinachotunza nakala ya data zako, mi hiyo ndo naipenda kuliko zote. Visor za mwanzo za 1999 zinatumia betri mbili za AAA, zikiisha kabisa namba na ratiba zako zote zinafutika, inauma jamani. Toa kile kifuniko cha plastiki mgongoni kwa juu, chungulia pini za Springboard, yaani tundu la kuchomekea moduli, zikiwa zimepinda usilazimishe. Kama ziko poa chomeka tu, hata ikiwa imewashwa, programu inafunguka yenyewe, gusa kitufe cha kuhifadhi usubiri imalize. Siku ya kubadilisha betri, mpya ziwe mkononi tayari, fanya chapchap ndani ya dakika moja.