Mkungu unapokuwa mwekundu: namna ya kuweka tarehe

Ulaya majani hugeuka rangi mchana unapofupika na baridi inapoingia. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Huku mti kama mkungu (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi), ambao majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka, husikiliza zaidi maji: ukavu wa kaskazi, kisha masika. Ndiyo maana tarehe za majani bila vipimo vya mvua hazikufikishi mbali.

Chagua mikungu mitano iliyojiotea yenyewe (mti huu asili yake ni Asia, lakini pwani umeshakuwa mwenyeji). Usiguse ya hotelini: inamwagiliwa, nayo hubaki kijani wenzake wakiwa wameshapukutika. Ukiishi karibu na hori la Tudor, ongeza mkomafi, mkoko ambao majani yake nayo hugeuka rangi kabla ya kuanguka.

Majani ya mkungu hukaa kwa mashada kwenye ncha za vitawi. Kila mti tia alama ncha kumi, tano upande wa jua na tano kivulini, kwa sababu wekundu hutengenezwa upya kwenye jani lenye jua. La kivulini mara nyingi huishia manjano. Mara mbili kwa wiki hesabu majani yote ya ncha hizo, kisha yaliyogeuka. Yakiwa 80 na mekundu ni 20, andika 25%. Tarehe unazozitaka ni mbili: 10% na 50%.

Hapo ndipo wengi hukosea. Majani mekundu yakidondoka, asilimia hushuka kana kwamba mti umerudi kuwa kijani. Kwa hiyo andika pia idadi ya yaliyobaki.

Jani lililoungua ukingoni tu, rangi ya kahawia, ni chumvi ya upepo wa bahari, usilihesabu. Wala usidanganywe na mwembe: wekundu wake ni wa majani machanga.

Mvua ipime kila siku, saa tatu asubuhi, kwa kopo lililonyooka kuta, mahali pa wazi, kwa rula ya milimita. Ukifika 50%, jumlisha mvua ya siku 30 zilizotangulia na uiandike kando ya tarehe. Mwaka mmoja hauthibitishi kitu. Anza kulinganisha ukiwa na mitatu, na mti uliokatwa matawi katikati ya kipindi hicho uutoe.