Mzee anatetemeka mkono? Jinsi ya kuitambua Parkinson na kumsaidia nyumbani

Huku Mbeya mzee akianza kutetemeka utasikia mara ni baridi, mara uzee, mara karogwa, na muda unaenda tu bila hospitali, inauma sana. Wewe mwangalie akiwa amekaa, mikono kaiweka mapajani. Parkinson, ugonjwa wa ubongo, mara nyingi inaanza upande mmoja, mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama anahesabu hela, akinyoosha kushika kikombe unatulia kidogo. Halafu atembee: mkono mmoja hauchezi, hatua fupi fupi. Wengine hawatetemeki kabisa, ni misuli kukaza na kuwa wazito, kufunga vifungo vya koti tu kunamchosha. Choo kigumu na kutosikia harufu huweza kutangulia miaka mingi kabla.

Kinachotokea ni seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea vizuri, kufa polepole. Ugonjwa huu hauambukizi. Kuponya bado, ila dawa zinasaidia kweli.

Daktari anautambua zaidi kwa kumpima mwili na kumsikiliza, kwa hiyo anzeni hospitali ya wilaya, ikibidi mwombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Bebeni dawa zote anazotumia hata za duka la dawa, maana metoklopramaidi ya kichefuchefu na haloperidol ya magonjwa ya akili zinaweza kuleta hali hii hii.

Dawa kubwa ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa, na hapa ndo wengi wanakwama: mpe nusu saa kabla ya kula au saa moja baada, kwa sababu nyama, maharage na maziwa vinazuia dawa isiingie vizuri mwilini, mnaanza kusema dawa feki kumbe ni maharage ya mchana. Ikimletea kichefuchefu mpe na kipande cha kiazi au ndizi. Weka alamu ya simu, saa zilezile kila siku. Na msikatishe ghafla hata hela ikiisha, ni hatari, mwambieni daktari mapema.

Mazoezi ni kila siku, hata kuzunguka shambani asubuhi jua likitoka.

Akiganda mlangoni, miguu ikagoma kusonga, usimvute mkono, ataanguka. Mwambie atulie, weka mguu wako mbele yake auvuke, au hesabuni pamoja moja, mbili, twende. Akianza kupaliwa kila anapokunywa chai, mrudishe hospitali usisubiri kliniki.