Kikao cha biashara Japani: bei, kadi na ukimya

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa anayekwenda Japani kununua magari au vipuri hatashangazwa na kila kitu. Kumpisha mkubwa, kupokea kwa mikono miwili na kukataa bila kutamka "hapana" anavijua tangu utotoni. Kinachomkwamisha ni mahali uamuzi unapofanyika. Huku mengi humalizwa mezani. Kule, mara nyingi mezani hutangazwa kilichokwisha kukubaliwa.

Kazi hiyo ya kukubaliana mapema huitwa nemawashi, neno la watunza miti: kuchimba taratibu kuizunguka mizizi kabla ya kuuhamisha mti. Kwa hiyo tuma pendekezo la maandishi angalau wiki mbili kabla ya safari, lenye bei, idadi, masharti ya malipo na tarehe za kusafirisha mzigo. Katika kampuni nyingi, hasa za zamani, hati hupanda kutoka chini kwenda juu, kila mhusika akiidhinisha, mara nyingine kwa muhuri wake binafsi. Ukibadilisha bei ghafla ndani ya kikao, safari hiyo inaanza upya. Na ule mtindo wa "punguza kidogo basi" mbele ya bosi humwaibisha ofisa asiye na mamlaka ya kupunguza. Mpelekee hoja hiyo kwa barua pepe, siku kadhaa kabla. Japani iko mbele yetu kwa saa sita: wakifunga ofisi saa kumi na mbili jioni, huku ni saa sita mchana, basi andika asubuhi.

Siku yenyewe, jitambulishe mapokezi dakika tano hadi kumi kabla. Nusu saa kabla ni usumbufu pia. Usijichagulie kiti, mgeni kwa kawaida huketishwa mbali na mlango, nawe subiri uonyeshwe.

Kadi za biashara ziwe kwenye kikasha chake, si mfuko wa nyuma wa suruali. Wakubwa wa pande zote mbili hubadilishana kwanza, wote wakiwa wamesimama. Toa yako maandishi yakimwelekea mpokeaji, taja kampuni kisha jina, inamisha kichwa. Ya mwenzako isome kabla ya kuiweka, na mkikaa zipange mezani kwa kufuata walivyoketi. Utapata na msaada wa kukumbuka majina. Usiandike chochote kwenye kadi hizo. Waite kwa jina la ukoo na "san", neno la heshima, lakini "san" hiyo usijibandike wewe mwenyewe.

Sasa maneno. "Hai" hutafsiriwa "ndiyo", ila kikaoni mara nyingi ni "naam, nakusikia" tu. Wengi hurudi nyumbani na "hai" kumi na hakuna oda. "Muzukashii", yaani "ni vigumu", ichukulie kuwa hapana. "Kentō shimasu", tutalitafakari, ni ndugu wa "tutaona" yetu. Ukitaka kujua kama kuna uhai, uliza wanahitaji taarifa gani zaidi na kufikia lini. Wakitaja hati mahususi, mlango uko wazi. Wakirudia shukrani, tafuta muuzaji mwingine.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kuogopa ukimya. Umetaja bei, wamenyamaza, nawe unaongeza punguzo ambalo hakuna aliyeliomba. Kunywa chai yako. Pengine wanafikiri tu, au wanamsubiri mkubwa aseme kwanza.

Jioni hiyohiyo tuma barua ya shukrani yenye mambo mliyokubaliana, kwa namba. Usitegemee jibu la haraka mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti, wala siku za mwaka mpya. Zawadi ikiwepo, itoe mwishoni mwa kikao: kahawa ya Kilimanjaro inajulikana sana Japani. Pakiti ziwe tatu au tano. Nne hapana, kwani namba hiyo kwa Kijapani hutamkwa sawa na neno la kifo.