Kuku anayelala mtini si mkaidi: mjengee banda linalofuata asili yake

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji hulalamika: banda lipo, lakini jioni kuku wanapanda mwembe. Kabla ya kuwalaumu, tazama walikotoka. Kuku wetu ametokana na kuku mwekundu wa porini, ndege wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ambaye hadi leo hulala matawini kukwepa wanyama wanaowinda usiku.

Mifupa inayohesabiwa na watafiti kuwa ya kale zaidi ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K. Yaelekea mpunga ndio uliomvuta. Nafaka zilizomwagika shambani na kuzunguka nyumba zilimtoa msituni, akawazoea watu. Alifuata chakula; kufungiwa kulikuja baadaye.

Njia hiyo ingali inafaa. Mwaga nafaka kidogo ndani ya banda kila jioni, saa ileile, kabla jua halijazama, nao watazoea kuingia wenyewe. Wakikuta sakafu tupu, hata hivyo, watarudi mwembeni. Weka fito za kulalia zilizo laini, kila kuku apate sentimita 15 hadi 20. Zote ziwe kimo kimoja, maana wababe hugombania iliyo juu.

Tetea wa porini hutaga mafichoni, na wako ndiyo maana anakimbilia kichakani. Mpe kiota chenye giza, sentimita 30 kwa 30, chenye nyasi kavu. Kimoja kinatosha matetea wanne au watano.

Kuatamia nako ni urithi wa msituni. Kuku wa mayai wa kisasa amechaguliwa kizazi hadi kizazi mpaka karibu ameacha tabia hiyo, naye hutaga takriban mayai 300 kwa mwaka. Wa kienyeji hutaga kiasi, kisha hulalia siku 21 na kulea kwa wiki kadhaa bila kutaga. Usipigane naye. Waatamishe matetea watatu siku moja, na vifaranga wakianguliwa mpe mmoja wao awalee wote, usiku, asije akawakataa. Wenzake watarudi kutaga mapema.

Chanjo ya mdondo (ugonjwa wa Newcastle), ile ya tone la jicho inayorudiwa kila miezi mitatu, itolewe alfajiri kabla hujafungua mlango. Kuku waliolala ndani hukamatika bila mbio.