Mwili ukigoma alfajiri: damu kwanza, dripu baadaye

Nina ugonjwa wa kupooza kwa vipindi, ule unaotokana na potasiamu, madini yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, kushuka kwenye damu. Ni wa nadra, na mhudumu anayekupokea huenda hajawahi kuuona, kwa hiyo wewe na ndugu zako mjue la kudai. La kwanza: damu ichukuliwe wakati mwili bado umelegea, kabla ya dripu yoyote.

Kwangu hunishika alfajiri, hasa miezi ya baridi hapa Iringa, baada ya kulima mchana kutwa na kula ugali mkubwa usiku. Naamka miguu haisogei, mikono haiwezi kuinua blanketi. Akili iko timamu, naongea, na mbu akiniuma mguuni namsikia vizuri ila siwezi kumfukuza. Kiharusi mara nyingi hushika upande mmoja tu, na huenda kikapindisha mdomo. Huu hulegeza pande zote, ukaachia baada ya saa kadhaa au hata siku nzima. Nyumbani walisema nimerogwa, lakini marehemu baba alikuwa hivyo hivyo tangu ujana wake. Ni wa kurithi: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

Potasiamu yenyewe haijatoka mwilini. Ukila wanga mwingi, insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari, huisukuma itoke kwenye damu na kuingia ndani ya misuli, na misuli yenye hitilafu hii hushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana dripu ya sukari hutuumiza. Niliwahi kutundikiwa moja, nikaambiwa ni ya kuongeza nguvu. Vidole vilivyokuwa vimebaki na uhai navyo vikalala. Sasa mke wangu husema mapema: "Samahani dokta, tunaomba potasiamu ipimwe kwanza, na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Dripu ya sukari tafadhali asiwekewe."

Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Damu ikitolewa usikunje na kukunjua ngumi, maana majibu yanaweza kupanda kwa uongo. Na ukipimwa ukiwa mzima ukakutwa sawa, hilo halithibitishi kwamba huna ugonjwa. Omba na kipimo cha thairoidi, tezi iliyo shingoni, hasa kama ni mwanaume uliyeanza kulegea ukubwani, unakonda na moyo unakwenda mbio. Tezi ikitibiwa, aina hiyo ya kupooza huisha. Kuharisha, dawa za kukojoza na baadhi ya magonjwa ya figo pia hushusha potasiamu; daktari atazichunguza.

Upo pia ugonjwa wa aina hii ambao potasiamu hupanda. Hao huletewa shambulio na njaa, na vyakula vyenye potasiamu nyingi kama ndizi na madafu. Kwa hiyo jirani akikuletea madafu kabla hujajua aina yako, mshukuru na uyaweke pembeni.

Kwa sisi wa kushuka, dawa ya shambulio ni potasiamu ya kunywa, kwa kipimo alichoandika daktari, si kwa kukisia, kwa sababu ikizidi husimamisha moyo. Ukishindwa kupumua au kumeza, au moyo ukipiga ovyo, kimbizwa hospitali usiku huo huo. Ya kuzuia, wengine hupewa asetazolamaidi, ile ile ya presha ya macho. Kuna wachache huwazidishia, hivyo ianzwe chini ya uangalizi.

Mengine yako jikoni na shambani. Usiku napunguza ugali, naongeza maharage na mboga, na chumvi naweka kidogo tu. Pombe sigusi. Nikimaliza kulima siketi ghafla. Natembea taratibu hadi mwili upoe. Nikihisi mapaja yanaanza kuwa mazito, nazungukazunguka uani, na mara nyingine uzito huo huondoka. Naandika kwenye daftari nilichokula na kazi niliyofanya kabla ya kila shambulio. Daktari wangu aliliona daftari hilo akaelewa kuliko maelezo yangu yote.

Mfukoni nina karatasi iliyogongwa muhuri wa daktari: jina la ugonjwa, dozi yangu ya potasiamu, na katazo la dripu ya sukari. Imeandikwa pia kwamba sindano za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) na salbutamoli ya pumu zinaweza kuniletea shambulio, na kwamba kabla ya upasuaji wowote mtaalamu wa dawa ya usingizi aambiwe. Nakala nyingine anayo mke wangu, maana mimi alfajiri hiyo mkono hautafika mfukoni.