Usipande Mbegu za Papai Ambalo Baba Yake Humjui

Masika yakikaribia simu zinaanza, nyingi kutoka pembezoni mwa Dar es Salaam: Kigamboni, Chanika, Mabwepande na Bunju. "Bwana shamba, mipapai yangu imetoa maua mpaka nimechoka kuyahesabu, lakini papai hata moja sijaliona." Nikiuliza mbegu ilitoka wapi, jibu ni lile lile: nilinunua papai soko la Mabibo, au la Buguruni, lilikuwa kubwa na tamu, nikala, mbegu nikaziweka. Hasara ilianzia hapo, na hakuna mbolea wala dawa itakayoiondoa.

Habari za samadi, shimo na kumwagilia sitazirudia, mnazijua. Nataka tuzungumzie urithi, maana jinsia ya mpapai huamuliwa siku chavua inapoingia kwenye ua, miezi kabla wewe hujaliona tunda sokoni. Mbegu unayoikamua jikoni imeshabeba hukumu yake.

Mipapai iko ya aina tatu. Upo wa kike, unaozaa mapapai ya duara lakini unahitaji chavua kutoka mti mwingine. Upo wa kiume, ambao hutoa vishada virefu vya maua madogo yanayoning'inia, kazi yake ni chavua tu. Na upo wa jinsia mbili, ambao ua moja lina sehemu zote, hujichavusha wenyewe na kuzaa mapapai marefu. Papai refu ndilo linalotakiwa sokoni, kwa sababu nyama yake ni nene, uwazi wa ndani ni mdogo, na hupangika vizuri kwenye kreti.

Kila mmea hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Kanuni hiyo ilitolewa na Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Kwa upande wa jinsia ya papai, mwaka 1938 watafiti wawili, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, walieleza hesabu yake kila mmoja kivyake. Tuiandike kwa herufi, kila herufi ikiwa kinasaba kimoja cha jinsia: J ya jike, D ya dume, M ya jinsia mbili. Mpapai jike hubeba J na J. Dume hubeba J na D. Wa jinsia mbili hubeba J na M. Mbegu yoyote isiyopata J hata moja, yaani yenye D na D, M na M, au M na D, kiini chake hufa mapema na hakioti.

Sasa rudi kwenye lile papai la Mabibo. Kama lilikuwa la duara, kwa kawaida mama yake ni jike. Baba je? Humjui, na aliyekuuzia hamjui, na mara nyingi hata mwenye shamba hamjui. Chavua ya mpapai hubebwa na upepo na nondo wakubwa wanaoruka jioni, kwa hiyo baba anaweza kuwa dume la jirani aliyeliacha liote lenyewe nyuma ya choo. Kama baba ni dume, kila mbegu hupokea J kwa mama, halafu kwa baba ama J ama D, mithili ya kurusha shilingi juu. Nusu ya miche yako itakuwa madume.

Pigeni hesabu wenyewe. Ekari moja kwa nafasi ya mita 2.5 kwa mita 2.5 huingiza mashimo kama 640. Ukipanda mche mmoja kila shimo kutoka kwenye mbegu hiyo, utapata madume kama 320. Shamba la majike huhitaji dume moja kwa kila majike kumi. Hayo mengine yote umeyachimbia shimo, umeyawekea samadi na kuyanunulia maji ya boza wakati wa kiangazi, ili yakupe maua.

Nasikia mtu akisema, basi nitachagua papai refu. Afadhali, lakini afadhali si uhakika. Papai refu mama yake ni wa jinsia mbili. Kama ua lilijichavusha, katika kila miche mitatu itakayoota, miwili ni ya jinsia mbili na mmoja ni jike, dume hakuna kabisa. Kama dume la jirani liliwahi, theluthi moja ni majike, theluthi ni madume, theluthi ni wa jinsia mbili. Papai moja limelala kwenye meza ya muuzaji haliwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo lilitokea.

Kabla sijaendelea, tuachane na mambo mawili. La kwanza ni kutenga mbegu nyeusi sana na zenye rangi hafifu ati moja ni dume na nyingine ni jike, au kutazama mzizi kama umenyooka. Jinsia ya mche haionekani kwa macho. Huonekana kwa kipimo cha vinasaba maabara, au kwa ua. La pili ni kupigilia msumari kwenye dume, au kulifunga mfupa na kitambaa, ili lizae. Wazee wangu wa Pwani watanisamehe. Dume huweza lenyewe, hali ya hewa ikibadilika, kutoa maua machache yenye sehemu ya kike na kuning'iniza vipapai vyembamba kwenye vikonyo virefu, msumari ukapewa sifa. Vinasaba vyake ni vile vile J na D. Na mbegu za vipapai hivyo msithubutu kuzipanda, kwani nyingi zinaweza kutoa madume tena.

Unayetaka mbegu yako mwenyewe, fanya kazi ya kumjua baba. Chagua mpapai wa jinsia mbili uliokwisha kuzaa, mfupi, mtamu, wenye majani yasiyo na mabaka ya virusi. Ili uhakikishe ni wa jinsia mbili, chuma chipukizi kubwa la ua moja ulichane kwa wembe kwa urefu. Ukikuta katikati kuna kitunda chembamba kirefu, na kuzunguka shingo yake kuna vijifuko vya manjano vya chavua, ndio huo. Ukikuta kitunda kinene cha duara bila vijifuko vyovyote, huo ni jike, ondoka. Usikisie kwa kutazama kutoka barabarani.

Kisha tafuta chipukizi lililokomaa ambalo halijafunguka, petali zake zikiwa nyeupe au za rangi ya malai na bado zimefumbana. Lifunike kwa bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi siku moja au mbili kabla halijafunguka, ufunge mdomo wa mfuko kwenye kikonyo kwa uzi bila kukaza. Ua lililokwisha kufunguka halifai. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wanapoharibu: mtu anaona ua limechanua vizuri, analifunika, anajisifu, kumbe nondo alishapita jana jioni. Nailoni usitumie pia, huchemsha ua ndani na kutunza unyevu. Na mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, sijui wengine mnaitoa wapi. Acha mfuko siku 7 hadi 10, mpaka petali zidondoke na kitunda kionekane kimeshika. Ondoa mfuko, funga utepe wa rangi kwenye kikonyo. Bila utepe, baada ya miezi mitano vijana wa kuvuna watalipeleka papai lako la mbegu sokoni pamoja na mengine.

Funika maua kumi kwa uchache, maana mengine yataanguka. Na epuka Januari na Februari. Joto la Dar es Salaam miezi hiyo, hasa maji yakipungua, huifanya mipapai ya jinsia mbili itoe maua mengi yanayoelekea uume na kupukutika. Juni hadi Agosti ni wakati mzuri.

Papai la utepe livunwe likiwa limeshika manjano nusu au zaidi, liive kivulini. Mbegu ziwe nyeusi. Nyeupe na zinazoelea kwenye maji ni tupu, mwaga. Ule ute unaoizunguka kila mbegu huzuia kuota, hivyo usugue wote kwa mchanga kwenye chekeche, osha, kausha kivulini siku mbili hadi tatu. Si juani juu ya bati, tafadhali. Sia kina cha sentimita 1. Zitaota ndani ya wiki mbili hadi tatu.

Miche ikifika wiki 6 hadi 8, sentimita 15 hadi 20, ipeleke shambani, mitatu kila shimo, kwa pembetatu, sentimita 20 hadi 30 kati ya mmoja na mwingine. Kwa nini mitatu? Kwa mbegu iliyojichavusha, mche mmoja una uwezekano wa mbili ya tatu kuwa wa jinsia mbili. Miwili kwa shimo, inapanda hadi nane ya tisa. Mitatu, ishirini na sita ya ishirini na saba, yaani katika ekari ya mashimo 640 yatabaki kama 24 tu yenye majike matupu, nayo yatazaa, ila ya duara. Wewe unayepanda mipapai minne nyuma ya nyumba Mbagala kwa ajili ya watoto, mche mmoja kwa shimo unakutosha, ilimradi mbegu ni ya ua lililofunikwa.

Halafu subiri. Kupunguza miche kabla ya maua ni kosa la pili kwa gharama, na hufanywa na wakulima hodari, ndiyo maana linaniudhi. Wakiwa na mwezi mmoja shambani wanaacha mche mnene na kung'oa miwili, kana kwamba unene ni jinsia. Maua huonekana kati ya mwezi wa tatu na wa tano tangu kupandikiza. Chana chipukizi kwa wembe kama nilivyoeleza, acha mmoja wa jinsia mbili, mingine ikate usawa wa udongo. Usiing'oe, mizizi imeshaungana na utaumiza unaoubakiza. Shimo lililochaguliwa sawasawa litabeba papai refu.

Kuhusu pakiti zenye alama ya F1, hizo hazikamuliwi mbegu hata ukifunika ua kwa hariri. F1 ni mtoto wa wazazi wawili tofauti waliochaguliwa ili sifa zao zikutane, ndiyo maana shamba zima hufanana. Watoto wa F1 hawafanani: vinasaba vilivyokutana vinagawanyika tena, ufupi kivyake, utamu kivyake, uvumilivu wa magonjwa kivyake. Mendel aliona hivyo kwenye njegere. Kizazi cha pili, katika kila mimea minne, mmoja alirudi na sifa iliyokuwa imejificha, na hiyo ni sifa moja tu. Ongeza nyingine tano uone vurugu. Nunua pakiti mpya kila unapopanda upya, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na uhifadhi risiti. Kufunika maua ni kwa aina zilizotulia, ambazo si F1.

Wenye mashamba yaliyojaa madume sasa hivi, msingoje huruma. Tembea na rangi, weka alama dume moja kwa kila majike kumi, yakiwa yametawanyika na si kona moja, mengine kata kabla ya mvua. Kama mti wako unaozaa ni wa jinsia mbili, dume hata moja huhitaji. Kata yote, la sivyo mbegu ya mwakani itaharibika tena. Kwenye mashimo yaliyobaki wazi weka miche mitatu mipya. Ili iwe tayari kwa mvua za Machi, mbegu ziwe kitaluni kufikia katikati ya Januari.