Ngalawa ya viti sita, timu ya watu tisa: kuandaa mbio za kupokezana za kilomita 42 Naivasha

Kwenye Molokai Hoe, mbio za ngalawa za Hawaii zilizoanza mwaka 1952, watu hubadilishana majini. Boti ya injini hutangulia na kuwashusha wapokeaji mbele ya ngalawa. Waliochoka wanajitupa kulia, waliopumzika wanapanda kwa kushoto, na ngalawa haisimami. Naivasha msiige hilo. Ziwa lina viboko, na mtu anayeelea akisubiri ngalawa imfikie hana pa kukimbilia. Badilishaneni gatini, na mengine yote yapangwe kufuata uamuzi huo.

Hesabu inabadilika hapo hapo. Mabadilishano ya majini, kwa waliozoea, ni ya sekunde chache tu, ndiyo maana wenzetu wanaweza kuyafanya kila dakika 15 au 20. Ya gatini yanakula dakika nzima. Yafanyeni mara chache basi: wekeni mzunguko wa kilomita 7 unaorudi gati lile lile, mwende mara sita. Timu ya kawaida inayokwenda kilomita 10 kwa saa itamaliza kila mzunguko kwa dakika 42. Yote sita ni saa nne na dakika 12, na dakika tano hivi za mabadilishano.

Gawanyeni watu tisa katika makundi matatu: A, B na C. Mzunguko wa kwanza wanakwenda A na B, wa pili B na C, wa tatu C na A, kisha mnarudia vivyo hivyo. Kila mtu anapiga kafi mizunguko minne na kupumzika miwili, na hakuna anayekwenda zaidi ya miwili mfululizo. Mshika usukani mmoja awe kundi A, mwingine kundi B. Wanapokuwa ngalawani wote wawili, wa A anakaa kiti cha sita na wa B kiti cha tano. Kundi A likitoka, wa B anasogea nyuma kiti kimoja. Fanyeni zoezi la kusogea huko peke yake, maana ndipo timu nyingi hugongana magoti na kupoteza muda.

Ngalawa ya Pwani ina mirengu (vielea vya ubavuni) miwili na tanga. Hii ya mbio haina tanga, na mrengu wake ni mmoja tu, upande wa kushoto, umeshikwa na boriti mbili. Urefu ni kama mita 13. Kiti cha kwanza kinaweka mwendo, makafi 55 hadi 65 kwa dakika. Cha tatu kinapaza sauti ya kubadili upande kila baada ya makafi 14, na cha sita kinaongoza. Wa viti vya 1, 3 na 5 wanapiga upande mmoja, wa 2 na 4 upande mwingine. Kafi la mtu wa kimo cha kawaida ni sentimita 127 hadi 132; la usukani lizidi kidogo.

Boriti hufungwa kwa mikanda ya mpira, haipigwi misumari. Nendeni Kirinyaga Road jijini Nairobi, kule Grogan, mtafute tyubu kuukuu za lori. Ikate kwa kuizungusha, mkanda wa upana wa sentimita 5, upate vipande virefu visivyo na kiungo. Futa ile poda ya ndani hadi mpira ushike mkono, kwa sababu poda ikibaki mkanda unateleza wenyewe kwa wenyewe na fundo linaachia. Vuta mkanda kwa nguvu kila duara, maduara sita hadi nane kila kifungo, na mwisho upitishwe chini ya duara la mwisho. Anzeni na boriti ya mbele. Kabla ya kukaza ya nyuma, pimeni kwa kamba umbali kutoka mstari wa katikati ya ngalawa hadi mrengu, mbele na nyuma. Tofauti ikizidi sentimita 2, ngalawa itavuta upande mmoja siku nzima na mshika usukani atachoka kabla ya wengine. Mikanda mipya hulegea baada ya saa ya kwanza, kwa hiyo kila mkifika gatini mtu wa nchi kavu aiguse yote kwa mkono.

Sasa mabadilishano yenyewe. Mrengu uko kushoto, hivyo ngalawa huegeshwa gatini kwa ubavu wa kulia. Hapo pana mtego: uzito wote unahamia kulia, mrengu unanyanyuka, na ngalawa inaweza kupinduka hapo hapo gatini mbele ya watu wote. Ngalawa ya namna hii hupinduka kwa mrengu kuruka juu, mara chache sana kwa mrengu kuzama. Kwa hiyo wanaobaki waegemee kushoto, na wale wawili walio karibu na boriti waziwekee mkono na uzito kabisa. Watu wawili gatini washike ukingo. Anatoka mmoja, anaingia mmoja, wakianzia nyuma kwenda mbele. Kafi la anayetoka hubaki gatini, anayeingia anakuja na lake. Asiruke mtu, aketi ukingoni mwa gati, aingize mguu katikati ya ngalawa, kisha mwili. Mshika usukani ndiye pekee anayesema. Wakisema watatu mtasikia "twende" mara mbili, na mguu wa mtu utabaki gatini.

Kwenye maboya, zungukeni kwa kushoto, mrengu ukiwa ndani. Mwendo ukiwa mkali ngalawa hulalia kulia na mrengu hupunguza kugusa maji, hivyo uzito uende kushoto hadi mnyooke tena. Upepo wa kutoka kushoto nao huunyanyua vilevile.

Mkipinduka, kwanza jihesabuni kwa namba za viti. Kisha kusanyeni makafi. Mmoja ashike omo, yaani ncha ya mbele ya ngalawa, na kuigeuza kuelekea upepo. Wawili au watatu wapande juu ya tumbo la ngalawa, washike boriti na kujivuta nyuma kwa uzito wao. Mwingine ausukume mrengu kutoka chini, kisha ajitoe haraka kabla haujashuka. Ikirudi, wawili tu waingie kufua maji (kuyatoa ngalawani), wengine washike kingo. Wakipanda wote ngalawa ikiwa imejaa, itazama tena chini ya mawimbi. Upo, chombo cha kufulia maji, ulio mzuri ni mtungi wa plastiki wa lita 5 uliokatwa kwa mshazari, mpini wake ukibaki. Bebeni miwili, imefungwa kwa kamba.

Zoezi hilo lifanyike kabla hamjaiona Naivasha. Bwawa la Nairobi lina magugu na maji machafu, msilifikirie. Bwawa la kuogelea la Kasarani la mita 50 linatosha, mkipata ruhusa na mwokoaji akiwepo: wanaojikokota kuogelea mita 200 wasiwekwe kwenye orodha. Ukikaa ukingoni mwa bwawa unaweza kufanya mazoezi ya kafi, na kosa la wengi huonekana upesi. Wanavuta kwa mikono hadi nyuma ya kiuno. Kafi litoke likifika nyongani. Zaidi ya hapo linainua maji tu na kuizamisha ngalawa.

Kuhusu viboko, wasikilizeni wavuvi na BMU (kamati ya kusimamia ufuo) wa ufuo husika, wao ndio wanaojua wako wapi wiki hiyo. Maboya yawekwe mbali na mafunjo na maji ya kina kifupi. Msipite kati ya kiboko na maji yenye kina. Boti ya injini itangulie, isifuate. Alfajiri ya siku yenyewe ipite njia nzima, kwa sababu upepo wa usiku unahamisha gugumaji, na nyavu zilizotegwa jioni hazina taarifa. Jaketi la kuokoa maisha linavaliwa muda wote, hata na bingwa.

Anzeni saa moja asubuhi. Asubuhi ziwa huwa tulivu, mchana upepo unaamka, na mkianza saa tatu mizunguko miwili ya mwisho mtapigana na mawimbi. Mwinuko hausumbui mtu wa Nairobi, lakini jua linachoma. Kofia na mikono mirefu. Maji nusu lita hadi robo tatu kwa saa, ndizi mbivu na uji mwepesi wenye chumvi kidogo kwenye chupa. Githeri ya usiku wa kuamkia mbio iachwe, mwenye kiti cha nyuma atashukuru. Wanaopumzika wavae kitu kikavu mara wakitoka na wale ndani ya dakika kumi, si dakika kumi kabla ya kurudi.

Mwamuzi wa gatini awe na sheria moja asiyoijadili: mawimbi yakianza kuvunjika meupe kwenye boya la mbali, ngalawa inayofika haitoki tena, na matokeo yanahesabiwa kwa mizunguko iliyokamilika.